Hujja ya Uzi Kuukuu

Imekuwa kama sheria isiyoandikwa, na aghalabu huthibitishwa na wale ambao hawajapata kushika sindano mbili za kufumia maishani mwao, kwamba mtu atakaye kufuma sweta la vifungo, hili liitwalo kardigani, sharti aanze dukani: anunue madonge mapya ya rangi moja, yaliyotiwa rangi kwa mkupuo mmoja, kwa kadiri ileile iliyotajwa katika karatasi ya mfano, na kwamba yule afumaye kwa masalio ya kazi zilizopita, au kwa uzi aliopewa na jirani aliyerithi makasha ya mama yake, au kwa sufu aliyoifumua katika sweta la mtumba, hufanya hivyo kwa dhiki tu, na lau angalikuwa na wasaa asingalifanya. Dhana hii ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa dharau, nao haunisumbui sana, maana mwenye dharau hujitangaza mwenyewe. Uso wa pili ni wa huruma: humwita mfumaji mwekevu, humsifu kwa kutoacha kitu kipotee, kisha humketisha nyuma ya wale wafumao kwa uzi mpya. Huu wa pili ndio nitakaogombana nao zaidi, kwa kuwa unaikubali hoja yote ya wa kwanza na kuipaka asali tu.

Mimi nadai kinyume. Nadai kwamba uzi kuukuu, ukiwa wa asili njema, ni bora kuliko ule mpya ambao watu wa kipato cha kawaida huweza kuununua leo. Na nadai zaidi ya hapo, kwamba ufundi wa kufuma hauonekani wote mpaka fundi alazimike kuanzia kwenye uzi alio nao na kuutafakari hata uwe vazi, wala si kuanzia kwenye picha ya vazi kisha kwenda kuutafuta uzi wake. Sitetei uwekevu. Uwekevu ni shahidi dhaifu katika kesi hii, na waliomwita barazani kwa nia njema ndio walioiharibu, kama nitakavyobainisha.

Kwanza tuulize dhana hii imetoka wapi, kwani watu huisema kana kwamba ilishuka pamoja na kondoo. Karatasi ya mfano, yenye picha ya bibi anayetabasamu na orodha ya madonge ya kununua, ni kitu cha juzi. Huko Uingereza, ambako vazi lenyewe lilipewa jina la Lord Cardigan, yule jemadari aliyeongoza shambulio maarufu la wapanda farasi huko Balaclava mwezi Oktoba 1854, wasokotaji wakubwa wa sufu walitambua mapema kwamba uzi hauuziki kwa uzuri wake peke yake, bali huuzika ukiambatana na ahadi ya vazi. Kampuni ya Patons & Baldwins, iliyoundwa mwaka 1920 kwa kuungana nyumba mbili za wasokotaji, ilichapisha vikaratasi vya mifano kwa wingi, na kila kikaratasi kikataja uzi wa kampuni kwa jina na kumwambia mfumaji madonge mangapi yanamtosha. Sisemi kulikuwa na hila katika jambo hilo. Mfanyabiashara ana haki ya kuuza bidhaa yake. Nasema tu kwamba masharti ya biashara yalihamia katika kichwa cha mfumaji yakakaa humo kama masharti ya ufundi, hata leo mtu mwenye gramu mia tano za sufu safi nyumbani kwake hujiona hana uzi, kwa sababu gramu hizo hazikuandikwa katika karatasi yoyote.

Kabla ya hapo mambo hayakuwa hivyo. Mfumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskochi, alifuma kwa sufu ya kondoo wa huko, na kondoo hao wana rangi zao walizozaliwa nazo: weupe, weusi, kijivu cha namna nyingi na kahawia iliyokoza, wala ngozi mbili hazifanani kabisa. Mchanganyiko wa rangi ulikuwa hali ya kawaida ya kazi, na ustadi ulipimwa kwa namna mtu alivyoupanga mchanganyiko huo, si kwa namna alivyoukwepa. Mifumo ya kisiwa cha Fair Isle, ambayo mwaka 1922 ilivaliwa katika uwanja wa gofu wa St Andrews na mrithi wa kiti cha Uingereza, yule aliyekuja kuitwa Edward wa Nane, na kwa hiyo ikawa fasheni ya mabwana wakubwa, ina kanuni moja ambayo wapinzani wangu wangefanya vema kuizingatia: sweta zima laweza kuwa na rangi kumi, lakini katika kila mstari mmoja hufanya kazi nyuzi mbili tu, moja ikifuma na nyingine ikipita nyuma yake kungojea zamu. Maana yake ni kwamba rangi yenye gramu ishirini tu ina nafasi yake ya heshima. Na maana yake nyingine, ambayo haionekani mpaka sweta livaliwe penye baridi, ni kwamba ule uzi upitao nyuma huongeza tabaka la pili, na vazi likawa na joto kupita lile la rangi moja.

Kisha ikaja vita, na pamoja nayo likaja hilo nililoliita kuharibiwa kwa kesi. Tarehe 1 Juni 1941 serikali ya Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi: mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, zikapunguzwa baadaye, na kila aunsi mbili za sufu ya kufumia zilidai kuponi moja. Kardigani ya kawaida ya mtu mzima hula yapata aunsi 16, ambazo kwa vipimo vyetu ni gramu 450 na ushei. Hizo ni kuponi nane, kabla mtu hajafikiria viatu, koti, wala nguo za ndani. Kwa hiyo watu walifumua. Walifumua masweta ya marehemu, soksi ndefu, mablanketi ya watoto waliokwisha kuwa askari, na kwa masalio hayo wakafuma mifumo ile ya Fair Isle kwa wingi usiopata kuonekana. Serikali nayo, katika kijitabu chake mashuhuri cha mwaka 1943 cha kuwafunza raia kutengeneza na kukarabati, ikaifanya kazi hiyo kuwa wajibu wa kizalendo. Hapo ndipo lilipotendeka kosa. Jambo ambalo lilikuwa hekima ya mafundi liligeuzwa kuwa kafara ya raia. Na kafara ina desturi moja, kwamba siku masharti yake yanapoondolewa, kila mtu huikimbia. Kuponi zilikoma Machi 1949, nami siwezi kuwashangaa wanawake wa Uingereza, baada ya kuhimizwa kufumua kwa takriban miaka minane, kutotaka tena kuona uzi uliojikunja. Waliokosea ni wale waliokuja baada yao, wakadhani kwamba walichokichoka mama zao ni uzi kuukuu, ilhali walichokichoka ni kuamrishwa.

Sasa niingie katika hoja ambayo wapinzani huiona kuwa ngome yao, yaani kwamba uzi wa zamani umekufa: umekauka, umeliwa na nondo, hauna nguvu, na atakayeufuma atalia kabla ya mwaka. Hapa ni lazima kutofautisha, na kutofautisha ndiko wasikokutaka. Unywele wa kondoo umeumbwa kwa keratini, ileile iliyo katika kucha na nywele zetu. Umepindapinda kwa maumbile, una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na una tabia ya kurudi katika umbo lake baada ya kuvutwa. Huweza kunywa unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji. Tabia hizi hazipotei kwa sababu donge limelala kashani miaka arubaini. Ukiufumua uzi huo katika sweta la zamani utauona umejikunjakunja, na hapo mwenye pupa hukata tamaa. Lakini uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe shada, ulifunge shada mahali panne kwa uzi wa pamba usije ukatatizana, ulitose katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha ulitundike kivulini na kitu chepesi chini yake, na asubuhi utaukuta umenyooka, umejaa, umerudiwa na uhai ambao wapinzani walikwisha kuusomea talakini.

Ni kweli kwamba kuna uzi uliokufa, nami si wakili wake. Chukua urefu wa mkono mmoja, uvute kwa nguvu ya wastani. Ukikatika bila sauti, kama uliooza, tupa. Ukiona vijiunga vya nondo, jua kwamba si nondo mwenyewe alaye sufu bali ni watoto wake, nao huuawa kwa kulitia donge mfukoni na kuliweka katika friza kali kwa wiki mbili. Lakini ikiwa wamekwisha kula hata uzi umekuwa vipande vipande, hakuna dawa, na mtu asijidanganye. Sweta lililofuliwa kwa maji ya moto likagandamana kama zulia halifumuliki kamwe. Wala si kila kilichoandikwa sufu ni sufu, hasa katika uzi uliopotewa na lebo yake: choma ncha ndogo kwa kiberiti, juu ya sahani, na pua yako itakutolea hukumu. Sufu huungua polepole kwa harufu ya nywele, ikaacha majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka ikawa shanga ngumu nyeusi. Uchunguzi huu wote hauchukui nusu saa, nao ni elimu ambayo mnunuzi wa madonge mapya huishi na kufa bila kuijua, kwa kuwa ameambiwa na lebo kila kitu na yeye akaiamini.

Na huo uzi mpya ni upi, hasa? Hapa ningependa wapinzani wajibu kwa unyofu. Nailoni ilivumbuliwa katika maabara ya DuPont mwaka 1935, na nyuzi za akriliki zikafuata sokoni karibu na mwaka 1950. Tangu hapo uzi wa kufumia wa bei nafuu, huku kwetu na kwingineko, umekuwa kwa sehemu kubwa ni akriliki. Ina fadhila zake: hailiwi na nondo, hufulika bila wasiwasi, na kwa nguo za mtoto mchanga anayechafua mara sita kwa siku siwezi kuikemea. Lakini hainywi jasho, hulegea isirudi, hutoa vinundu kwapani, na pasi ikiteleza juu yake mara moja tu, vazi zima limekwisha. Anayemwambia mfumaji aiache sufu ya kondoo iliyosokotwa vizuri mwaka 1960, akanunue plastiki iliyosokotwa juzi, ati kwa sababu hii ni mpya na ile ni kuukuu, anahukumu kwa tarehe wala hahukumu kwa kitu. Wahenga walikwisha kutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na mara hii msala wenyewe hauna hata ubora wa msala.

Kuna kinaya kingine hapa ambacho sioni kama wengi wanakijua. Hao wenye kuona haya ya sufu iliyokwisha kuvaliwa, huenda wameivaa miaka yote. Mnamo 1813 Benjamin Law wa mji wa Batley, katika jimbo la Yorkshire, alibuni njia ya kuyararua matambara ya sufu kwa mashine, kuyachanganya na sufu mpya na kuyasokota upya. Batley na jirani yake Dewsbury vikatajirika kwa kitambaa hicho. Leo mji wa Prato nchini Italia unafanya kazi hiyo kwa vitambaa vya mitindo, na mji wa Panipat nchini India huyapokea masweta ya marobota na kuyageuza kuwa mablanketi, yakiwemo yale ya kijivu yanayogawiwa wakimbizi. Basi sufu kuukuu haina aibu yoyote ikipita kiwandani. Aibu huanza inapopita mikononi mwa mwanamke mmoja ukumbini pake. Na kwa uadilifu wa kazi yenyewe, mkono humshinda mtambo: mashine hurarua, na kwa kurarua huufupisha unywele wa sufu, ndiyo maana uzi wake huhitaji kuchanganywa na kitu kingine ili ushikamane, ilhali mkono hufumua kitanzi kwa kitanzi, na unywele ukatoka mzima kwa urefu uleule alioukata mkata manyoya.

Nimetaja marobota, na hapa nitasimama kidogo, maana ndipo penye utajiri ambao mabingwa wa uzi mpya huupita kila Jumamosi bila kuuona. Katika Gikomba ya Nairobi, katika Memorial ya Moshi, katika soko lolote la mitumba la nchi zetu zenye nyanda za baridi, mpanga bei hutazama sura: sweta la sufu ya mwanakondoo lenye tundu moja kifuani, au la mtindo ulioisha, huuzwa chini ya lile la akriliki linalong'aa. Mfumaji mjuzi halitazami mbele. Huligeuza ndani nje akatazama mshono wa ubavuni. Ikiwa ukingo umekatwa kwa mkasi wa kiwandani kisha ukafungwa kwa mashine ya kupindia, alirudishe bila majadiliano, kwa kuwa kila mstari umekwisha kukatwa, na atakachokipata akifumua ni vipande vifupi vya upana wa sweta. Lakini ikiwa ukingo ni nadhifu, kila pande limefumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa mshono mwepesi unaotatuka, basi amepata uzi mmoja mrefu unaotiririka kutoka shingoni hata kiunoni, na yaweza kuwa sufu ambayo ikiwa mpya dukani asingalithubutu kuuliza bei yake. Uzi wa masweta ya mashine ni mwembamba, hilo ni kweli. Basi hufumwa nyuzi mbili au tatu kwa pamoja, na kwa kuunganisha kijivu na buluu hutoka rangi ya tatu ambayo hakuna duka linaloiuza.

Tuje kwenye viraka. Husemwa kwamba sweta la masalio haliwezi kupendeza kwa sababu rangi hazikukusudiwa kukaa pamoja. Na wasemao hivyo huketi juu ya mkeka wa ukindu wenye rangi tano, wakausifu. Ubaya upo, nami nimeuona mwingi, lakini hautoki katika wingi wa rangi. Hutoka katika uvivu wa kuzipanga: mtu hufuma donge moja mpaka liishe, kisha lifuatalo mpaka liishe, akashangaa kwamba mgongo mmoja una mistari minene na mkono mmoja ni wa kijani. Kinachogombana machoni, mara nyingi, ni kiza na mwanga kuliko rangi yenyewe. Panga madonge yako mezani, fumba macho nusu, au yapige picha kwa simu na kuiondoa rangi, nawe utaona lipi ni zito na lipi ni jepesi, na lipi kati yao limejitenga na wenziwe. Chagua rangi moja iliyo nyingi, ikiwezekana kijivu au kahawia, iwe ya pindo zote, ya ukosi, na ya ule ukanda wa mbele unaobeba vifungo na vishimo vyake, maana ukanda mmoja wa rangi tulivu huzinyamazisha fujo nyingi. Rangi adimu itawanye iguse kila upande, kidogo hapa na kidogo pale. Na kama una madonge ya rangi iliyo karibu moja lakini mikupuo mbalimbali, fuma mistari miwili ya hili na miwili ya lile kwa zamu, na jicho lisiloambiwa halitagundua. Hivyo ndivyo walivyofanya mafundi kabla ya kuja amri ya kununua yote siku moja.

Lililobaki katika upande wa ufundi ni hili, kwamba bila karatasi ya mfano mfumaji atajuaje idadi ya vitanzi, na atajuaje kwamba uzi utamfikisha mwisho? Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1971, aliwafungulia wafumaji kifungo hiki kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Fuma kipande cha kujaribia. Kama kila inchi ina vitanzi vitano, nawe wataka kifua cha inchi 40, basi mwili wote ni vitanzi 200. Hiyo ndiyo mia kwa mia yako. Kwenye kiganja mkono huchukua asilimia 20, yaani vitanzi 40. Juu ya mkono, karibu na kwapa, theluthi moja. Shingo asilimia 40. Uzi uwe mnene au mwembamba, mpya au wa miaka sitini, uwiano ni uleule, kwa sababu umechukuliwa katika mwili wa mwanadamu na si katika ghala la mwenye kiwanda. Barbara G. Walker, katika kitabu chake cha mwaka 1972, akaeleza kufuma kutoka shingoni kwenda chini, na njia hii ndiyo yenye kumfaa zaidi mwenye masalio: aanze na mabega, afume mikono kabla ya kumaliza kiwiliwili, baada ya kuupima uzi wa mikono kwenye mizani ya jikoni na kuugawa sawasawa, kisha aachie uzi uliobaki uamue sweta litaishia kiunoni au nyongani. Mafundi wa majahazi wa mwambao huu hawakuagiza mbao zilizonyooka ili kuja kuzikunja ziwe mataruma. Waliingia msituni wakatafuta mti uliokwisha kupinda wenyewe kwa umbo la ubavu wa chombo, na hakuna aliyepata kudai kwamba walifanya hivyo kwa kukosa mbao.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yananihusu nini mtu wa pwani, ambako sweta ni vazi la mlinzi wa usiku na la mvuvi wakati wa kusi. Nawajibu kwamba Afrika Mashariki haiishii Pwani: Makete na Njombe, Limuru na Nyandarua, wanajua baridi, na juu ya uwanda wa Kitulo umande huganda mwezi Juni na Julai. Wapo pia watakaosema, kwa sauti ya mtu aliyegundua siri, kwamba kufuma ni mambo ya Kizungu tuliyofundishwa pamoja na kuoka keki, na ni mambo ya wanawake. Hawa wamesahau, au hawajui, kwamba miongoni mwa vitu vya kale vilivyofumwa kwa sindano na kutufikia ni soksi za pamba za Misri ya Kiislamu, nyeupe na za buluu ya nili. Na kwamba katika kaburi la Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme wa Kastilia aliyefariki mwaka 1275, kwenye monasteri ya Las Huelgas huko Burgos, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa mkono, na pembeni mwake limefumwa kwa hati za Kikufi neno baraka. Mwana wa mfalme Mkristo alilazwa juu ya kazi ya mafundi Waislamu. Ama kuhusu wanawake, katika kisiwa cha Taquile nchini Peru wafumaji wa kofia ni wanaume, wala hakuna anayewacheka.

Sasa bei. Hii ndiyo hoja wanayoipenda zaidi, maana ina tarakimu, na mtu akishika tarakimu hujiona ameshika haki. Wanasema: sweta zima la mtumba ni rahisi kuliko saa zako, ukihesabu saa unazotumia kufuma, na kuzipa ujira hata ule mdogo wa kibarua, kardigani yako ni ghali kuliko ya dukani mara nyingi. Hesabu yenyewe siipingi. Kardigani ya mtu mzima hula jioni nyingi sana. Ninachopinga ni kudhani kwamba jioni zile zilikuwa na mnunuzi. Hakuna aliyekuwa mlangoni akingoja kuniajiri kuanzia saa mbili usiku hata saa nne. Na sweta la dukani si rahisi kwa kuwa halikutumia saa za mtu. Ni rahisi kwa kuwa saa za waliolishona zililipwa kidogo mno, mbali na macho yetu, na zile za mtumba zimekwisha kufutwa kabisa katika daftari. Basi wapinzani huzihesabu saa zangu kwa sababu zinaonekana, na hawazihesabu za wengine kwa sababu hazionekani, kisha wakaiita tofauti hiyo uchumi.

Walakini sitaki niwaache watetezi wa upande wangu bila kuguswa, hasa hawa wa siku hizi wanaokusanya uzi wa kuwapa wengine. Kutoa uzi ni jambo jema, lakini nimepata kufungua magunia ya sadaka nikakuta humo mambo ya kusikitisha: madonge yaliyotatizana na nywele za paka, akriliki ya rangi ambayo hata mwenyewe aliyeinunua aliijutia, koti la mtoto lililofumwa nusu na sindano ingali ndani, limekatiwa tamaa tangu mtoto huyo hajaota meno na sasa bila shaka ana ndevu. Mtoaji wa namna hii hakutoa kitu. Amehamisha taka yake kwa heshima. Akitaka kutoa, atoe ile sufu aliyokuwa akiionea uchungu, ameipima na kuiandikia karatasi ndogo ya uzito wake na asili yake kama anaijua. Na mpokeaji naye awe na haki ya kusema hapana, haki ambayo dhana ninayoipinga imemnyang'anya, kwa kuwa imemfundisha kwamba mwenye kufuma kwa masalio ni mhitaji, na mhitaji hachagui.

Mfumaji ninayemtetea huchagua, tena kwa ukali kuliko mteja yeyote wa dukani. Na akimaliza, huwa amebakiwa na vipande vya kila rangi, ambavyo huvifunga pamoja na kuviweka mfukoni mwa sweta lenyewe au katika mkebe, kwa sababu anajua kwamba viwiko ndivyo vitanguliavyo kutoboka, baada ya miaka mitatu au minne ya kuegemea meza. Siku hiyo atavua sweta, atatafuta kijivu chake, na kukiziba kiwiko kwa uzi uleule uliofuma mkono. Mwenye sweta la dukani, siku hiyohiyo, atakwenda dukani tena.